Isogeze Karibu, Buda

Kitu prodyusa mpya wa mtaa hukimbilia kununua, wakati mwingine kabla hata hajalipa rent, ni kondensa. Unaijua: nene, ina dhahabu dhahabu, imening'inizwa kwa raba, inatoka fiti kwa picha. Ukirekodi msee anarap na blanketi imefunika ukuta, sina noma nayo. Noma inaanza siku mbogi inakuja na ngoma za kuchapwa. Keja ya Umoja ama Kayole ni simiti tupu na dirisha la kioo, na nje makanga anaita watu wa tao. Kondensa inakusanya hayo yote. Alafu snea ikichapwa mara ya kwanza, mita zote kwa kompyuta zinaruka kwa nyekundu na sauti inapasuka.

Dainamiki ndiyo maiki ya hiyo kazi, na sababu iko ndani yake. Kuna utando mdogo, nyuma ya utando kuna koili ya waya, na koili inaelea kwa smaku. Sauti ikigonga utando, koili inatikisika na umeme kidogo unazaliwa. Imeisha hivyo. Haihitaji ile volti 48 kondensa inadai kutoka kwa intafesi. Na juu utando umebeba koili, ni mzito, haushtuki ovyo. Unaweza kuweka dainamiki vidole viwili juu ya snea, msee achape ka ana kisirani na mtu, na maiki haitajali.

Sasa kuna mambo wasee hupenda kusema, ati dainamiki "inakata noise". Hapo kuna udaku. Chukua dainamiki na kondensa, zote za aina ya kushika mbele pekee, ziweke mita moja kutoka kwa ngoma, ongeza geini mpaka zilingane. Yule makanga utamskia kwa zote mbili. Kitu inakuokoa ni umbali. Mahali wazi sauti hupoteza desibeli 6 kila ukizidisha umbali mara mbili, na ukiupunguza nusu unazipata tena. Toa maiki sentimita 40, ilete sentimita 5: ngoma imepanda desibeli 18 hivi, na makanga amebaki pale pale alikuwa. Hiyo ndio siri yote. Dainamiki inakubali kusogezwa pua kwa pua na kitu yenye kelele, kondensa nyingi zinalia.

Kwa hivyo ukiniuliza ununue gani kwanza, sitazunguka mbuyu: Shure SM57, ama kitu ya familia hiyo. Ilitoka 1965, Marekani, ikiwa na moyo wa maiki ingine ya 1959 ilichorwa na injinia Ernie Seeler. Herufi SM maana yake ni maiki ya studio, na cha kuchekesha ni venye ilijulikana zaidi kwa jukwaa, na kwa mimbari ya rais wa Marekani, juu tangu enzi ya Lyndon Johnson ni hizo hizo husimamishwa mbele yake. Dada yake, SM58, alikuja mwaka uliofuata. Ndani ni karibu kitu moja. Tofauti kubwa ni kile kichwa cha mviringo cha waya, ambacho kinazuia pumzi ya mwimbaji na pia kinakuzuia kusonga karibu kabisa. Ukikosa 57, chapa na 58. Hakuna mtu ataskia ngoma yako kwa matatu alafu aulize ilikuwa maiki gani.

Na 58 hazikosi. Seti kamili ya madramu wengi wetu tuliiona mara ya kwanza kanisani, na bado iko huko, na maiki ziko huko. Mheshimu pasta, ongea na mzee wa kwaya mapema, mwombe mchana wa Jumanne wakati hakuna ibada. Beba kompyuta, intafesi na kebo zako. Kwaya ikirekodiwa wimbo mmoja bure, mlango utafunguliwa hata wiki ijayo.

Snea ndio mahali maiki huonyesha tabia. Simama upande wa mpiga ngoma, shika 57 juu ya ukingo, vidole viwili kutoka kwa ngozi, iinamishe kidogo iangalie katikati. Mwambie achape taratibu. Sasa usiguse kitu ingine, sukuma tu kichwa cha maiki sentimita mbili kuelekea ukingoni: ule mlio wa "tii" unaongezeka, mwili unapungua. Rudisha kati: mwili unarudi, fimbo inasikika ikigonga. Hiyo ndio ekwalaiza yako, na haujalipia kitu. Alafu angalia mkia wa maiki, pale kebo inaingia. Maiki ya aina hii, kadioidi, ni kiziwi zaidi nyuma, so elekeza mkia kwa yale matoazi mawili ya mguu wa kushoto, juu hayo ndio huingia kwa snea bila kualikwa. Ukitumia ile aina nyembamba zaidi, ya superkadioidi, kiziwi chake hakiko nyuma moja kwa moja, kiko kwa mabega ya nyuma, upande huu na huu. Wengi hawajui hii, wanalaumu maiki.

Kiki ni mambo ingine. 57 inashuka hadi hezi 40 kwa karatasi, lakini huko chini inakuwa imechoka sana. Hapa watu huweka maiki imetengenezewa kazi: AKG D112, ile yenye sura ya yai, ama Shure Beta 52A. Zote mbili zimepikwa tayari. Chini zimenona, juu zimeongezwa ule mgongano wa nyundo na ngozi, ndio kiki isikike hata kwa spika ya simu. Ka ngoma ina tundu mbele, ingiza maiki ndani kidogo. Ka haina, iweke nje sentimita kadhaa na utie blanketi ndani ya ngoma iguse ngozi. Jaribu hiyo ya blanketi kabla ya kutoa hata thao moja. Kiki nyingi mbaya zinadai blanketi na kukazwa, hazidai maiki mpya.

Tomu sitakaa sana. Wenye ganji huweka Sennheiser MD 421, mzee wa 1960 kutoka Ujerumani, na anastahili heshima. Wenye hawana huweka e604 za kampuni hiyo hiyo, ndogo, zinabana kwa ukingo bila stendi. Wenye hawana kabisa wanaacha tomu zishikwe na maiki ya juu, na maisha yanaendelea.

Kitu inaniuma ni venye tunabonga kuhusu madramu ya kizungu tu. Isukuti iko hapa. Mwaka wa 2014 UNESCO iliweka densi hiyo ya ngoma ya Waisukha na Waidakho kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na mtaani msee anatafuta sampuli ya ngoma kwa intaneti wakati mjomba wake Kakamega anaipiga live. Ngoma zake zinakuja tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Usiweke maiki tatu kwa fujo. Weka 57 mbele ya ile ndogo na ya kati, karibu, ikae katikati yao. Ile kubwa ipe yake. Hapa cheza na kitu moja: dainamiki nyingi zikikaribia sana zinanenepesha besi. Ukiwa sentimita tatu, ngoma kubwa inakuwa tope. Vuta hadi sentimita 20, mkono unaanza kusikika, ngozi inapumua. Mahali besi na mkono zinakutana, hapo ndio unafunga stendi. Na omba wazee wakae mahali pamoja wakirekodi. Isukuti hupigwa na watu wanacheza, na maiki haina miguu ya kuwafuata.

Nyatiti itakutesa, nikwambie ukweli. Nyuzi nane, sauti ya upole, alafu msee ana pete ya chuma kwa kidole cha mguu anagonga chombo chenyewe, na njuga kwa mguu. Sauti ya nyuzi iko chini, ya njuga iko juu. Ukitumia dainamiki utaongeza geini mpaka intafesi ya bei nafuu ianze kupumua "shhh". Ndio maana ile SM7B kila podikasti imeiweka kwa kamera si maiki ya kuanza nayo. Najua, Michael Jackson alirekodiwa Thriller na ile SM7 ya zamani, lakini ya leo inadai geini ya karibu desibeli 60, na yule injinia wake Bruce Swedien hakuwa anatumia intafesi ya kuungwa kwa simu. Kwa nyatiti na kwa kayamba, azima kondensa, funga dirisha, rekodi usiku. Chembe za kayamba zinaishi huko juu sana kwa sauti, na 57 yako inaishia hezi elfu 15.

Gita ya benga, lakini, hapo 57 iko nyumbani. Igusishe kitambaa cha ampu. Katikati ya spika ni kali, inakata ka wembe. Pembeni ni tamu lakini nzito. Solo za benga zinapenda nusu ya njia, pale kifuniko cha kati cha spika kinaishia. Besi usihangaike nayo, ichomeke moja kwa moja kwa intafesi.

Sasa ushike doh uende Luthuli. Utaitwa na kila duka, na kila duka litakuwa na 57 na 58 "orijino". Huko Marekani 57 ni karibu dola 100 kabla ya ushuru na usafiri, so msee akikuonyesha mpya kwa thao mbili, mshukuru na usonge. 58 ikiwa na swichi, hakikisha ni ya aina yenye swichi kweli, juu ile ya kawaida haina. Alafu tafuta muuza nyama, mwombe mizani kwa heshima, weka maiki bila kebo. 57 ya ukweli ni gramu 284, imepita robo kilo kidogo, sababu kuna transfoma ndani. Feki zingine zimejazwa chuma ndio zidanganye mizani, so ukitoka hapo ichomeke, iskize kando ya ingine unaiamini. Lakini ikikataa kufika robo, usibonge sana: rudi dukani kabla hawajafunga.