Mgeni wa kujitolea aanze kwa kuuliza

Msikilizaji wa Busia na Tororo, mwanafunzi wa kujitolea akija kutoka ng'ambo, usimkalishe sebuleni tu. Mmarekani Michael Kremer alifundisha sekondari Kakamega akiwa kijana. Aliporudi kuwasalimia marafiki, mazungumzo nao yakazaa tafiti za shule huko Busia. Moja ilianza 1998: shule 75 za msingi upande wa Kenya zilipewa dawa za minyoo kwa awamu. Kukosa masomo kulipungua kwa robo. Hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwani maambukizi yalipungua kijijini, na minyoo hawaulizi kitambulisho mpakani. Mwaka 2019 Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel. Mgeni wako, basi, mwonyeshe kisima na choo cha shule, awasikilize walimu na akina mama kabla hajashika chaki.