Lev Vygotsky na Usemi wa Ndani

Lev Semyonovich Vygotsky, ambaye jina lake hutajwa kila yanapozungumzwa mahusiano ya lugha na fikira, hakusomea elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Moscow. Alichosomea huko kilikuwa sheria. Jambo hili halifai kupuuzwa, kwani njia aliyoipita ndiyo iliyomfikisha kwenye swali lake.

Alizaliwa mwaka 1896 huko Orsha, akalelewa Gomel, miji ambayo leo imo katika Belarusi. Serikali ya Tsar ilikuwa imewawekea Wayahudi kikomo cha nafasi vyuoni, na mwaka 1913 nafasi hizo zikagawanywa kwa kura, wala si kwa ubora wa mitihani, kura ikamwangukia. Alianza udaktari kwa muda mfupi, akahamia sheria, na wakati uo huo akasoma historia na falsafa katika Chuo cha Shanyavsky. Utafiti wake wa mwanzo ulihusu tamthilia ya Hamlet. Akarudi Gomel kufundisha fasihi, na ni mwalimu huyo aliyehutubia mkutano wa wataalamu mjini Petrograd Januari 1924, kisha akaitwa katika taasisi ya elimu ya nafsi ya Moscow.

Mtoto achezaye husema kwa sauti bila ya kumsemesha mtu. Piaget, katika kitabu cha mwaka 1923, aliuona usemi huo kuwa ni dalili ya fikira isiyowajali wasikilizaji, ambayo hufifia mtoto akuapo. Vygotsky na wenzake waliweka vikwazo: mtoto achoraye, kwa mfano, akakosa penseli ya rangi aliyoihitaji. Usemi ule ukaongezeka karibu maradufu, kwani mtoto alikuwa akijitafutia njia kwa maneno. Kwa hiyo, alisema Vygotsky, usemi huo haufi bali huingia ndani. Mswahili asemaye "nikasema moyoni" hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kifua kikuu kilimwua Juni 1934, akiwa na miaka 37, na kitabu chake kikuu kilitoka baadaye mwaka uo huo. Jina la tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1962 lilitaja lugha, ilhali neno la Kirusi ni usemi. Kiswahili kinayo maneno yote mawili, wala hapana sababu ya kulirithi kosa hilo.

Liko jambo jingine liwahusulo wanaisimu wa Kiswahili. Vygotsky alishikilia kwamba usemi wa ndani huacha kiima na kubakiza kiarifu, akatoa mfano wa watu wanaongojea tramu: hakuna atajaye tramu, husemwa tu kwamba inakuja. Lakini katika Kiswahili tamko hilo moja, "inakuja", limekwisha kubeba ngeli ya kitu kinachongojewa. Likiwa gari, ni "linakuja". Je, mtu awazaye kwa Kiswahili hukidondosha hata kiambishi hicho, au kiima chake hakiachwi kamwe? Hoja ya Vygotsky ilijengwa juu ya Kirusi, na yafaa ipimwe upya kwa sarufi ya Kibantu kabla ya kufundishwa kuwa ni kanuni ya lugha zote.