Uvimbe wa Kaakaa: Adui Hupelelezwa Kabla ya Kushambuliwa

Askari hashambulii ngome ya adui kabla ya kuipeleleza. Ndivyo ilivyo kwa uvimbe wa kaakaa la mtoto. Tukimfunua kinywa twaona mlango tu. Yaliyomo ndani ya mfupa hatuyaoni.

West Nile ina historia katika jambo hili. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, alieleza kansa ya mataya iwapatayo watoto wa Afrika, ambayo baadaye iliitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kiasi cha kilomita 16,000 kuchunguza mahali ilipoenea. Miongoni mwa wenziwe alikuwa Dakta Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua. Kuanzia mwaka 1972 watoto wapatao 42,000 wa West Nile walitolewa damu, na matokeo ya mwaka 1978 yakatia nguvu hoja kwamba virusi vya Epstein-Barr vinahusika. Malaria nayo huchangia.

Dalili zake ni meno kulegea bila sababu, shavu kuvimba na kaakaa kututumka. Uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo kung'oa meno na kungoja ni kumpa adui nafasi.

Kila chombo kina kazi yake. Eksirei huonyesha ule mstari mwembamba uzungukao mzizi wa jino ukiwa umefutika. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, ambayo hayapenyi mfupa vizuri. Lakini tumboni hufichua uvimbe uliojificha katika figo, ini au ovari. Skani ya CT huonyesha mfupa ulioliwa, na kama uvimbe umefika puani au kwenye tundu la jicho.

Hata hivyo, picha huonyesha adui alipo, haimtaji jina. Jina hutolewa na kipande cha nyama kinachotazamwa kwa hadubini.

Ndugu askari, uwe Koboko mpakani au kambini Arua, mwanao akilegea meno usingoje mshahara wala likizo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, ukaulize pia kama tumbo lake limepimwa. Kansa hii husikia dawa upesi, na wengi wanaowahi na kumaliza matibabu hupona.