Kutaja Chanzo Si Kuomba Ruhusa

Wanafunzi wa sekondari Njiro wakiamua kutengeneza tovuti kuhusu Mlima Meru, kitu cha kwanza kutafutwa ni picha. Mmoja anaingia Google, anapakua inayovutia, kisha anaandika chini yake: “Chanzo: Google”. Hapo pana makosa mawili. Kwanza, Google haikupiga picha hiyo, imeonyesha tu mahali ilipo. Pili, hata jina la mpiga picha lingetajwa, ruhusa yake bado haijaombwa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa jina, na haki ya kuamua nani anakili na kusambaza kazi yake. Ulinzi huo hausubiri usajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, wala alama ya ©. Picha isiyo na jina wala onyo ina mwenyewe.

Kinacholindwa ni namna jambo lilivyoelezwa, si jambo lenyewe. Kwamba Meru ni mlima wa pili kwa urefu nchini, au kwamba ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, yeyote anaweza kuandika. Lakini aya ya mwandishi anayesimulia mlipuko huo ni yake. Nukuu sehemu unayoihitaji tu, ifungie kwenye alama za kunukuu, mtaje mwandishi na kitabu. Kubadilisha maneno matatu hakuifanyi aya kuwa yako.

Kwa picha, zipo njia tatu salama: ipigeni wenyewe, mwombeni mwenye picha kwa maandishi, au tumieni yenye leseni huria, kama zilizopo Wikimedia Commons. Leseni nazo zina masharti. Maelezo ya picha yataje jina la mpiga picha, ilikotoka pamoja na kiungo, aina ya leseni, mfano CC BY-SA 4.0, na mabadiliko mliyofanya, kama kuikata pembeni. Wala msiseme “ni ya masomo tu”: kuonyesha picha darasani ni tofauti na kuiweka kwenye tovuti inayofunguka dunia nzima.

Haki hiyohiyo inamlinda mwanafunzi. Insha aliyoandika na picha aliyopiga ni zake, na shule inayotaka kuzichapisha inapaswa kumwomba yeye na wazazi wake. Walimu, toeni alama kwa vyanzo kama mnavyotoa kwa uandishi. Mtoto anayeheshimu jasho la mwenzake atajua pia kudai la kwake.