Ubongo Waumia, Virusi Viko Mapafuni

Mwanzoni mwa mwaka 2020, wagonjwa wa UVIKO-19 walipoanza kulalamika kwamba hawasikii harufu ya chochote, si kahawa wala moshi, maelezo yaliyopatikana upesi yalikuwa ya kutisha. Neva za harufu huanzia juu kabisa ya pua na kupenya moja kwa moja hadi ubongoni. Ikadhaniwa basi kwamba virusi vya korona vimeziteka neva hizo na kuzifanya njia ya kupandia kichwani. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani virusi vya kichaa cha mbwa husafiri namna hiyo hiyo, vikifuata neva kutoka kwenye jeraha hadi kwenye ubongo. Lakini ushahidi uliokusanywa tangu wakati huo umeelekea kwingine. Sehemu kubwa ya madhara ya korona kwenye mfumo wa neva hutokea bila virusi kuingia ubongoni kwa kiasi cha maana. Kinachoumiza ni mishipa ya damu, upungufu wa oksijeni na kinga ya mwili yenyewe, na tofauti hii ina uzito mkubwa katika kuamua nani atibiwe, na kwa nini.

Tuanzie puani. Ili virusi hivi viingie kwenye seli, lazima vipate mahali pa kujishikiza, nako ni kwenye protini iitwayo ACE2 iliyoko juu ya seli hiyo. Mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Harvard liliitafuta protini hiyo kwenye utando wa juu wa pua. Seli za neva za harufu hazikuwa nayo. Waliokuwa nayo ni majirani zake, seli zinazozishikilia na kuzilisha. Mwaka uliofuata watafiti wa Ubelgiji na Ujerumani walichukua vipande vya utando huo kutoka kwa watu waliofariki muda mfupi tu kabla, na wakakuta jambo lile lile: seli walezi zimeambukizwa, neva zimeachwa. Utafiti mwingine wa mwaka 2022 ukaongeza kwamba mchochota unaozuka baada ya walezi hao kuangamia huzifanya neva za harufu zizime jeni zinazotengeneza vipokezi vyake. Neva iko hai, ila haina cha kunusia. Hiyo ndiyo sababu wengi walirudiwa na harufu baada ya wiki chache seli walezi zilipoota upya, na wengine wakakaa miezi mingi, pengine wakisikia harufu ya uozo kwenye chakula kizima.

Ukipanda juu zaidi, hadithi haibadiliki sana. Katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wataalamu walichunguza ubongo wa marehemu 41 waliokuwa na korona. Walikuta tishu zilizokufa kwa kukosa oksijeni na damu iliyovuja. Walikuta pia seli za mikroglia, ambazo ni askari wa ndani wa ubongo, zimechachamaa na kuzishambulia seli za neva, hasa kwenye shina la ubongo linalosimamia pumzi na mapigo ya moyo. Virusi vyenyewe vilikuwa haba mno, na kwa darubini havikuonekana. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilichunguza marehemu wengine 19 na kukuta mishipa midogo ya damu ubongoni imedhoofika na kuvujisha protini za damu kwenye tishu zilizo jirani. Huko pia virusi havikupatikana.

Mtu anaweza kusema kwamba hao walikuwa mahututi, na mwili unaokufa huharibika kila mahali. Ni kweli, na ndiyo maana ushahidi wa walioumwa kidogo ndio unaonishawishi zaidi. Uingereza ilikuwa tayari na hazina ya picha za MRI za ubongo zilizopigwa kabla ya janga. Watu 785 wa umri kati ya miaka 51 na 81 waliitwa tena wakapigwa picha ya pili, na 401 kati yao walikuwa wameambukizwa katikati ya picha hizo mbili. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba ubongo wa walioambukizwa ulikuwa umepungua zaidi ya wa wenzao, kwa asilimia kati ya 0.2 na 2 katika sehemu kadhaa, hasa zile zinazohusiana na harufu na kumbukumbu. Walipoondolewa kwenye hesabu wale 15 waliolazwa hospitalini, tofauti ilibaki. Mwaka huo huo, watafiti wa Stanford na Yale waliwaambukiza panya kwa namna ambayo virusi vilibaki kwenye njia ya hewa tu na panya hawakuugua sana. Hata hivyo mikroglia zao zilichachamaa, uzalishaji wa seli mpya za neva kwenye sehemu ya kumbukumbu ukapungua, na utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva ukaanza kupotea. Mabadiliko hayo yanafanana sana na yale yanayoonekana kwa wagonjwa wa saratani waliotibiwa kwa dawa kali, na huko hakuna kirusi hata kimoja cha kulaumu.

Msomaji wa Afrika Mashariki hapaswi kulishangaa jambo hili, maana tunaishi na mfano wake miaka nenda miaka rudi. Malaria ya ubongo humtia mtoto degedege na kumpeleka kwenye kuzimia, na bado kimelea chake hakivuki kuingia kwenye tishu za ubongo. Kinabaki ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo hunata kwenye kuta za mishipa midogo na kuiziba. Huko Blantyre, Malawi, picha za MRI zilionyesha kwamba wengi wa watoto waliofariki walikuwa na ubongo uliovimba vibaya. Watoto waliopona walipofuatiliwa jijini Kampala kwa miaka miwili, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kumbukumbu, umakini au kujifunza. Hakuna daktari wa Kilifi au wa Muheza atakayemwambia mama kwamba mwanawe hana neno kwa kuwa kimelea hakikuingia ubongoni.

Kuna pingamizi la kitaalamu ambalo halifai kurukwa. Mwishoni mwa mwaka 2022, watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa maiti 44, na katika baadhi ya zile 11 ambazo ubongo wake ulipimwa walikuta vinasaba vya virusi, vingine siku 230 baada ya dalili kuanza. Kwa hiyo virusi vinaweza kufika huko. Sibishi. Lakini watafiti hao hao waliripoti kwamba nje ya mapafu na njia ya hewa hawakuona mchochota mkubwa mahali virusi vilipokuwa. Kuwapo mahali ni jambo moja, kusababisha uharibifu wa mahali hapo ni jambo jingine. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya jaribio la Stanford lililowapa watu 155 wenye dalili za muda mrefu ama Paxlovid, dawa ya kuua virusi, ama dawa ya kulinganishia, kwa siku 15. Dawa haikuwapa nafuu zaidi. Jaribio moja halimalizi mjadala, lakini halimsaidii anayeamini kwamba virusi vilivyojificha ndivyo chanzo kikuu.

Pingamizi jingine husikika zaidi mitaani: kwamba ni msongo wa mawazo tu, watu walifungiwa ndani, walifiwa, walipoteza kazi. Msongo huo ulikuwapo, na wengine umewaumiza kweli. Ila wote waliishi katika janga lile lile, wenye korona na wenye mafua (influenza). Watafiti wa Oxford walipopitia rekodi za wagonjwa 236,379 wa korona, hasa wa Marekani, walikuta uwezekano wa kugunduliwa na ugonjwa wa neva au wa akili ndani ya miezi sita ukizidi ule wa wagonjwa wa mafua kwa asilimia 44. Na panya wa maabara hajui habari za karantini. Wengine huilaumu chanjo. Ni kweli kwamba chanjo ya AstraZeneca iliongeza kidogo ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili huzishambulia neva na kuleta kupooza. Hesabu za Uingereza zilikuwa wagonjwa 38 wa ziada kwa kila watu milioni 10 waliochanjwa. Kwa waliopata korona yenyewe, wa ziada walikuwa 145. Anayeiogopa chanjo kwa sababu hiyo anapaswa kuuogopa ugonjwa karibu mara nne zaidi.

Kwetu tatizo kubwa ni ukosefu wa kumbukumbu za hospitali. Tathmini ya Shirika la Afya Duniani ilikadiria kwamba kufikia Septemba 2021 takriban asilimia 65 ya Waafrika walikuwa wameshaambukizwa, wengi mno bila kupimwa. Tanzania haikutoa takwimu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo mwalimu aliyeanza kusahau majina ya wanafunzi wake, au dereva ambaye umakini wake umepungua, hana cheti cha kuonyesha kwamba aliugua, na kipimo cha kutafuta virusi leo hakitaonyesha kitu. Kutokuonekana kwa virusi kusitumiwe kumfukuza mgonjwa kliniki. Hospitali zilizokwisha kuzoea kuwafuatilia watoto wa malaria ya ubongo, kuanzia Mulago hadi Kilifi, zina ujuzi wa kutosha wa kufanya hivyo kwa watu wazima wa korona: kuwapima kumbukumbu na umakini, kuwadhibitia shinikizo la damu na kisukari vinavyoiumiza mishipa ile ile, na kurudia vipimo mwaka hadi mwaka. Nawe msomaji, ukienda kwa daktari kwa sababu ya kusahau, kizunguzungu au ganzi, mweleze pia lini uliugua homa ile na harufu ikakupotea, hata kama hakuuliza.