Matiti kwa wanaume: punguza uzito kwanza, kisu baadaye

Tangu Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ianze kuweka watu puto la tumboni na kufanya upasuaji wa kurekebisha maumbile, swali moja limekuwa likija kwenye safu hii kwa sura nyingi. Mwanaume kifua kimemjaa, ameacha kuvua shati ufukweni, anavaa fulana mbili katikati ya jua la Februari, na anataka kujua upasuaji unafanyikaje na unagharimu kiasi gani. Wachache sana huuliza kama wanauhitaji. Jibu langu kwa wengi wao, hasa wenye kitambi, ni kwamba bado hawajaufikia.

Kifua kinaweza kujaa mafuta matupu, au tezi yenyewe ya maziwa inaweza kuwa imekua. Lala chali, shika titi kwa kidole gumba na cha shahada, ubane taratibu kuelekea kwenye chuchu. Ukikutana na kitu kilichokaza, cha mviringo, kilichokaa sawasawa nyuma ya chuchu, hiyo ni tezi. Vidole vikifika kwenye chuchu bila kukutana na kizuizi, una mafuta tu. Wanaume wanene wengi wana vyote viwili kwa pamoja, na si bahati mbaya.

Watu hudhani mafuta ni ghala, yamekaa tu yakisubiri njaa. La hasha. Ndani ya seli za mafuta kuna kimeng'enya kiitwacho aromatesi, na kazi yake ni kuigeuza testosteroni kuwa estrojeni. Homoni hizi mbili, tunazozitaja kana kwamba ni maadui wa kuzaliwa, zinakaribiana kuliko watu wanavyofikiri: testosteroni ina atomi 19 za kaboni, estradioli ina 18. Aromatesi huifanyia testosteroni kazi hatua tatu mfululizo, kila hatua ikitumia oksijeni, hadi kaboni moja inapong'oka na pete ya kwanza ya molekuli kubadilika umbo. Basi. Homoni ya kiume imekuwa ya kike ndani ya mwili wa mwanaume yuleyule, na sehemu kubwa ya estrojeni ya wanaume wote hupatikana kwa njia hii, si moja kwa moja kutoka kwenye korodani.

Kwa hiyo mafuta yakiongezeka, aromatesi nayo huongezeka. Estrojeni inayozalishwa huichochea tezi iliyolala nyuma ya chuchu, lakini haikomei hapo. Hupanda hadi kwenye ubongo na kuuambia kwamba homoni zinatosha, ubongo ukapunguza amri unayoipelekea korodani, korodani zikazembea, testosteroni ikashuka. Na mwanaume ambaye testosteroni yake imeshuka hujaza mafuta tumboni kwa urahisi zaidi, yakaja na aromatesi yake. Mzunguko umefungwa. Mtu akipasuliwa kifua huku kitambi kikiwa palepale, kilichoondolewa ni matokeo tu, chanzo chake bado anatembea nacho.

Habari njema ni kwamba mzunguko huu hurudi nyuma. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa wanaume wanene waliopungua kwa kubadili ulaji testosteroni yao ilipanda, na waliopungua zaidi kwa upasuaji wa tumbo ilipanda zaidi.

Hapo ndipo wauzaji wa vidonge vya kukata mafuta ndani ya siku saba wanapodakia. Wasikie hili. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, madaktari waliowapokea wafungwa wa kivita waliokondeshwa na njaa waliona jambo la ajabu: baada ya wiki kadhaa za kula vizuri, baadhi ya wanaume hao waliota matiti. Njaa kali ilikuwa imezilaza korodani. Chakula kiliporudi, mwili ukaanza upya kama wa kijana anayebalehe, na kwa muda estrojeni ikaizidi nguvu testosteroni. Anayejitesa kwa maji ya ndimu wiki nzima kisha akarudi kwenye sahani yake ya zamani hafiki hali ya wafungwa wale, lakini njia anayoifuata haimpi chochote zaidi ya kuumwa kichwa na kupoteza fedha.

Na kuku wa kisasa? Nilijua mtaniuliza. Kila kijiwe kina mtaalamu anayesema kuku hao huchomwa homoni za kike. Kuku wa nyama hukua ndani ya wiki chache kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa vizazi na vizazi na chakula kilichopimwa. Nani ana muda wa kumchoma sindano kuku mmoja mmoja katika banda la maelfu, na abaki na faida? Anayemlaumu kuku azitazame chipsi zilizokuwa pembeni yake, na soda mbili zilizozisindikiza.

Pushapu nazo haziyeyushi mafuta ya kifuani. Mwili huchoma mafuta kutoka kote, hauchagui mahali kwa sababu misuli ya hapo imechoka. Mafuta ya kupaka hayaifikii tezi. Bandeji ya kubana inaficha, haitibu. Sindano za gym ndizo zinazonikera kuliko zote: kijana anauziwa testosteroni ili awe dume zaidi, aromatesi inaipokea ile ya ziada na kuigeuza estrojeni, kifua kinaota, kisha muuzaji yuleyule anamuuzia dawa ya pili ya kuzuia ya kwanza. Akiacha ghafla, korodani zilizozoea kutofanya kazi huchukua miezi kuamka.

Wengine hawana hata haja ya kupungua, wanahitaji kusoma jina la dawa wanayomeza. Spironolaktoni wanayopewa wagonjwa wa moyo na ini, simetidini ya vidonda vya tumbo, ketokonazoli ya vidonge na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hukuza matiti. Efavirenzi, iliyotumiwa sana katika dawa za kufubaza VVU kabla dolutegraviri haijachukua nafasi yake, iliwaletea wanaume wengi tatizo hili. Usiache dawa kwa uamuzi wako, nenda ubadilishiwe. Pombe nyingi nayo huharibu ini na korodani kwa pamoja. Na wazazi wa vijana wa miaka 13 au 14, tulieni: zaidi ya nusu ya wavulana huota matiti kidogo wakibalehe, na kwa wengi huisha yenyewe ndani ya miaka miwili.

Ushauri ni mfupi. Ondoa soda na juisi za sukari, punguza tonge la ugali kabla ya kupunguza mboga, tembea kila siku, nyanyua vyuma mara mbili tatu kwa wiki, punguza pombe. Lenga kupoteza asilimia 10 ya uzito wako kwa miezi, si kwa wiki.

Ukishafika hapo kuna njia tatu. Kwa wenye mafuta matupu, mara nyingi kifua hupungua na habari inaishia hapo. Kwa wenye tezi iliyokaa zaidi ya mwaka, mara nyingi imeshageuka nyuzi ngumu, na hiyo haiondoki kwa mazoezi wala dawa. Huyo anastahili upasuaji. Wa tatu ni aliyepungua sana akabaki na ngozi inayoning'inia, naye pia. Daktari wa upasuaji hukata ukingoni mwa duara jeusi la chuchu, akatoa tezi na kunyonya mafuta. Damu inaweza kujikusanya chini ya ngozi, chuchu ikazama tezi ikitolewa kupita kiasi, na kwa ngozi zetu nyeusi kovu linaweza kuvimba. Ndiyo maana madaktari makini hutaka uzito uwe umetulia kwa miezi kadhaa kwanza: usingizi wa dawa huwa salama zaidi, na umbo wanalolichonga leo halitaharibiwa na kilo utakazopoteza au kuongeza kesho.

Wako wasiopaswa kusubiri kupungua hata kilo moja. Saratani ya matiti huwapata wanaume pia, takriban mgonjwa mmoja kati ya 100. Ukiona uvimbe mgumu upande mmoja tu, usiokaa katikati ya chuchu, chuchu inayovutwa ndani au kutoa damu, kidonda kisichopona, au uvimbe kwenye korodani, nenda hospitali wiki hii.