Kichwa cha pikapu kimelalia upande? Pima kabla ya kununua springi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

WAMILIKI wa pikapu za zamani jijini, hususan Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990 ambazo hadi leo zinabeba saruji, mbao na viazi, wanaifahamu vyema hali hii: gari limeegeshwa mahali tambarare, halina mzigo wowote, lakini kichwa chake kimelalia upande mmoja mithili ya mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja.

Likifikishwa gereji, jibu la kwanza huwa ni kwamba springi zimechoka. Mwenye gari hununua springi za mtumba, hulipa ufundi, na kesho yake gari limelala vilevile.

Ndivyo ilivyomkuta mjomba wa mwandishi wa makala haya. Alibadilisha springi za nyuma, kisha shokapu zote nne, na pikapu yake haikunyooka. Fundi wa tatu ndiye aliyeinua kapeti ya miguuni upande wa dereva na kukuta bati la sakafu limeliwa na kutu, pale pale kichwa kinapokalia chesisi. Fedha za springi zilikwisha kupotea.

Ili kuelewa kosa hilo, ni vema kujua kwamba pikapu ya namna hiyo si kitu kimoja. Magurudumu na springi hubeba chesisi. Juu ya chesisi hukaa vitu viwili vilivyotengana, yaani kichwa na bodi la mizigo. Kichwa hakigusi chuma cha chesisi moja kwa moja, bali hukalia mipira minene iliyokazwa kwa bolti, ambayo hupunguza mtikisiko na kelele.

Kwa hiyo swali la kwanza si springi ipi imechoka. Swali ni hili: je, chesisi yote imeinama, au chesisi imenyooka na kichwa peke yake ndicho kilichoinama juu yake?

Jibu hupatikana kwa futi ya kupimia. Gari liegeshwe kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, bila mzigo wala dereva ndani. Upepo wa matairi uwe sawa kushoto na kulia, na matairi yenyewe yawe ya saizi moja, kwani si ajabu kukuta pikapu yenye tairi jipya upande mmoja na kipara upande wa pili. Lisukumwe mbele na nyuma kidogo ili springi zitulie.

Kisha pima kutoka chini hadi kwenye chesisi, nyuma ya gurudumu la mbele, pande zote mbili. Rudia karibu na gurudumu la nyuma. Baada ya hapo pima nafasi iliyopo kati ya chesisi na ukingo wa chini wa kichwa, kushoto na kulia.

Iwapo chesisi iko sawa lakini nafasi ya kichwa inatofautiana, achana na springi. Kosa liko kwenye mipira, kwenye bati la sakafu, au kwenye mkono wa chuma unaotoka kwenye chesisi kushikilia mpira, ambao huweza kupasuka au kupinda katika ajali. Dalili nyingine ni uwazi kati ya mgongo wa kichwa na bodi la mizigo: ukisimama nyuma ya gari, utaona mistari ya vitu hivyo viwili haiendi sambamba.

Hili si suala la sura tu. Katika Hilux za miaka hiyo, usukani umefungwa kwenye kichwa ilhali boksi lake limefungwa kwenye chesisi. Kichwa kinapohama, viungio vinavyounganisha viwili hivyo huumia. Na katika ajali, kichwa kilichoshikwa na bati lililooza kinaweza kung'oka.

Kutu ina sababu yake hapa pwani. Pikapu zinazobeba samaki kutoka Feri humwagikiwa maji ya chumvi kila siku, na hewa ya bahari humalizia kazi. Nchini Marekani, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, Toyota mwaka 2016 ilikubali kumaliza kesi ya kutu ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4.

Wapo mafundi wanaokata vipande vya tairi kuukuu na kuvipachika chini ya kichwa. Kichwa hunyooka kwa muda, lakini bati lililooza linabaki limeoza. Dawa ni kukata kutu yote, kuchomelea bati zima, ndipo mpira mpya uwekwe.

Iwapo vipimo vinaonyesha chesisi yenyewe imeinama, hapo springi zinahusika, lakini si lazima ziwe za upande wa mbele kilipo kichwa. Springi ya nyuma ikivunjika kipande kimoja, huweza kuivuta chesisi yote pamoja na kichwa.

Njia ya kutambua ni jeki. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, kisha weka jeki katikati kabisa ya chuma kinachokingama nyuma ya chesisi, wala si chini ya difu, na uinue hadi springi za nyuma zisibebe kitu. Chesisi ikinyooka, kosa liko nyuma. Ikibaki imeinama, kosa liko mbele. Mtu asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki pekee.

Kwa springi za vipande, kagua eneo la bolti ya katikati, kwani tundu lake ndilo sehemu dhaifu na mipasuko mingi huanzia hapo. Bushi zilizokwisha nazo hushusha kona moja.

Hilux nyingine hazina springi za vipande mbele, bali nondo ndefu inayojisokota, ambayo mafundi huiita tosheni. Hiyo ina bolti ya kurekebishia kimo, na hapo ndipo udanganyifu hupita: fundi huikaza mbele ili kuficha springi iliyovunjika nyuma. Gari huonekana limenyooka, lakini uzito huhamia kwenye magurudumu mawili yanayotazamana kikona, na breki ikikanyagwa ghafla gari huvuta upande.

Shokapu za kawaida za mafuta hazibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kutuliza mruko. Anayeuziwa shokapu kwa ajili ya kunyoosha gari lililolala ameuziwa kitu kingine.

Baada ya matengenezo, vipimo vilevile virudiwe wiki moja baadaye, kwa kuwa springi mpya hushuka kidogo zinapozoea mzigo. Kisha ndipo gari lipelekwe kupima uwiano wa magurudumu na kurekebisha taa za mbele.